Chumba cha Watoto Wawili

Harufu ya chokaa mbichi bado inanitia kichefuchefu. Watu wengi huipenda. Huwaambia kwamba nyumba ni mpya, kwamba sikukuu imekaribia au kuna mtu anaoa. Mimi huniambia kwamba kuna kitu kimefunikwa. Mwaka tulipokuwa tunatafuta chumba hapa Tabora, mimi nikiwa darasa la nne, nilijifunza kuinusa chokaa kabla ya kuitazama. Chumba cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa banda la kuku. Mwenyewe alikuwa amewauza kuku, akafagia juu juu, akapaka chokaa kuta zote, hata juu ya mavi yaliyokaukia kwenye matofali, akafunga mlango wa bati na kupaita chumba. Ukigusa ukuta, chokaa ilibanduka kama gamba, na chini yake kulikuwa na manyoya. Mama aliinama ili aingie, akatoka na utando wa buibui usoni, na yule mwenye nyumba akamwuliza kwa upole kabisa kama anayo kodi ya miezi sita mkononi. Aliuliza bila haya. Mpaka leo ninaukumbuka upole wake kuliko ile harufu.

Tulikuwa wanne: Mama, kaka yangu Kulwa, mimi Doto, na mdogo wetu Shija aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alikwenda migodini kuchimba dhahabu na habari zake zikakatika. Mama alikuwa mamalishe karibu na stendi. Alipika wali na maharage tangu alfajiri, na nguo zake zilinuka moshi wa kuni hata zikitoka kufuliwa. Tulikuwa tumepanga chumba Chemchem kwa miaka mingi, chumba kibovu lakini tulichokizoea, hadi mwenye nyumba aliposema anabomoa upande wetu ili ajenge fremu za maduka. Mafundi walianza kubomoa ukuta wa mbele tukiwa bado ndani. Tulikuwa tunakula ugali na vumbi la tofali linatua kwenye mboga. Mama alipolalamika, fundi mmoja alimjibu, "Mama, sisi tumelipwa kubomoa, hatukulipwa kusubiri watu wale."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, ule wakati ambapo joto la Tabora linakaa juu ya mabati na kukataa kuondoka. Mawingu yalikuja kila alasiri, yakatuangalia, yakapita. Vumbi liliingia puani hadi kamasi zikawa nyekundu. Katika joto hilo tulitembea mji mzima nyuma ya dalali mmoja aliyeitwa Mashaka, kijana mwenye viatu safi na leso ya kujifutia jasho. Alidai hela kila alipotuonyesha mlango, hata mlango wenyewe ukiwa umefungwa na mwenye ufunguo yuko safarini. Alituonyesha chumba ambacho dirisha lake pekee lilitazama shimo la choo lisilokuwa na mfuniko, akasema kina hewa. Alituonyesha kingine chenye popo darini, na mkojo wao ulikuwa umechora ramani ya manjano ukutani. Kulwa aliuliza ile ni nchi gani, Mama akamfinya. Kwingine tulikuta godoro la mpangaji aliyefia humo, limesimamishwa pembeni na bado lina alama ya mwili wake. Mwenye nyumba akasema hilo godoro ni zawadi, tunaweza kulitumia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulifungua, tukaingia, na kila mara tulitoka tumeziba pua.

Shuleni wakati huohuo mwalimu alikuwa anatufundisha habari za misafara. Alisema mji wetu ulikua kwa sababu ya wasafiri. Wapagazi walitoka pwani na mizigo vichwani, wengine wakitoka upande wa Ujiji, na wote walipofika hapa walitafuta pa kutua, pa kupika na pa kulala hadi miguu ipone. Alisema Wanyamwezi walijulikana kwa kutembea na kwa kupokea wanaotembea. Watoto walifurahi, wakaigiza kubeba mizigo. Mimi nilikuwa mtoto wa haya, nilikaa nyuma na sikuuliza kitu, lakini nakumbuka nilijisemea moyoni kwamba labda wapagazi hawakuwa na watoto. Mji uliolaza nusu ya nchi ulikuwa unashindwa kumlaza mama yangu. Kila tulipopata chumba chenye afadhali, swali la kwanza halikuwa jina wala kazi. Lilikuwa, "Una watoto wangapi?" Mama akisema watatu, sura ya mwenye nyumba ilijifunga kama duka saa ya magharibi.

Mashaka ndiye aliyetoa dawa. Tulikuwa tumesimama kivulini kando ya duka la mchele, Shija analia, na Mama amevua kandambili moja kuangalia lengelenge. Mashaka alijifuta jasho akasema, "Mama Kulwa, mimi nakupenda kama mama yangu mzazi, nikwambie ukweli. Punguza watoto."

"Niwapunguze vipi? Niwale?"

"Kwa mdomo tu, mama. Mtendeni kuna chumba kizuri, sakafu ya saruji, dari nzima. Mwenye nyumba hataki zaidi ya wawili. Sema wawili. Wa tatu atakuja taratibu, kama mgeni. Mgeni akizoeleka nani atamfukuza?"

Mama alitutazama mmoja mmoja. Shija alikuwa ananyonya, hangeweza kufichwa. Kulwa alikuwa na kifua kibaya, usiku alikohoa hadi macho yakamtoka, na hakuna aliyejua kumkalisha apumue ila Mama. Aliponitazama mimi, nilijua kabla hajasema. "Doto ni mkimya," alisema. "Huyu hata akiwepo hayupo." Aliyasema kama sifa, na nadhani kweli alinisifu. Nilitazama chini.

Tulikwenda Mtendeni siku iliyofuata. Nilipewa beseni lenye masufuria nikaambiwa nisimame nje ya ukuta, kama mtoto wa watu anayepita. Ukuta ulikuwa mfupi na sauti zilivuka. Mwenye nyumba tulimwita Mama Nyamizi, Mnyamwezi wa huku huku, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, kwani aliimba kanisani. Waliamkiana na Mama kwa Kinyamwezi, wakaulizana ukoo na kijiji, na nilisikia wakicheka. Nikadhani mambo yamekwisha. Kisha Mama Nyamizi akahamia Kiswahili, kama wafanyavyo watu wetu wakifika kwenye biashara. "Nyumba yangu watoto mwisho wawili. Sina ugomvi na watoto, wao ni wa Mungu. Ugomvi wangu ni choo. Mtoto anakwenda chooni kama mtu mzima, lakini kodi halipi. Shimo likijaa nani anachimba jingine? Mimi."

"Wangu ni wawili tu," Mama alisema.

"Majina yao?"

"Huyu Kulwa. Huyu wa mgongoni Shija."

Hapo mimi kule nje nilihisi masufuria yakiwa mazito. Mama na Mashaka walikuwa wamepanga idadi, wakasahau majina. Mtu wa pwani angepita bila kugutuka. Lakini huku kwetu, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha wa kwanza kutoka huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Kumtaja Kulwa na Shija mbele ya Mnyamwezi ni kama kumwonyesha kinywa chenye pengo na kumwambia hukuwahi kuwa na jino pale.

"Kulwa na Shija," Mama Nyamizi alirudia polepole. "Na Doto?"

Ningeweza kuingia wakati ule. Mguu wangu ulisogea. Ndipo nikasikia sauti ya Mama, sauti kavu ambayo sikuwahi kuisikia. "Doto alitangulia."

"Oo, mwanangu! Pole. Pole sana." Na sauti ya Mama Nyamizi ikalainika kabisa, akamshika Mama, nadhani, maana nilisikia bangili zake. Kwa huruma hiyo chumba kikapatikana siku hiyohiyo. Mashaka alitoka akinikonyeza. Aliponipita alisema kwa furaha, "Doto, umetupatia nyumba!" Nilitaka kumtapikia vile viatu.

Basi nikahamishiwa kwa Mama Shabani, aliyekuwa akipika pamoja na Mama pale stendi, na nikalala sakafuni kwake pamoja na watoto wake. Hawakunitesa. Mchana nikitoka shule nilikwenda Mtendeni kula, lakini kama Asha, mtoto wa Mama Shabani. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mama yangu nikabisha hodi. Nilisema, "Shikamoo, mama mdogo," naye akajibu, "Marahaba, Asha, karibu," bila kuniangalia machoni. Nilikula mkekani na ndugu zangu nikiwa mgeni, na nilipomaliza nilishukuru. Wahenga wana maneno yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, niliosha vyombo, nikafagia uwanja, kwa sababu mtoto wa watu asiyejishughulisha huulizwa anafuata nini. Mpangaji mmoja, kijana wa bodaboda, alipenda kukaa barazani akichokonoa meno, na siku moja alisema, "Mama Kulwa, huyu Asha na Kulwa wako wamefanana kama waliogombea titi moja." Mama alicheka. "Watoto wa shida wote hufanana," alisema, na wote uwanjani wakacheka. Kulwa hakucheka. Tangu siku hiyo alianza kunibakishia nyama yake.

Chumba chenyewe, kile tulichokinunua kwa kifo changu, kilikuwa cha kawaida tu. Mende walitembea mchana bila woga. Sakafu ya saruji ilikuwa kweli, ila ilipasuka katikati, na kwenye ufa siafu walipita kama wana mkataba wao. Bafu lilikuwa magunia manne na jiwe, na maji ya kuogea yalituama hapo, ya kijivu, yana povu na nywele. Na kile choo kilichokuwa kinalindwa hivyo, kile kilichokuwa na thamani kuliko mimi, kilikuwa na funza waliopanda ukutani hadi kimo cha goti. Nilikitazama mara nyingi nikijiuliza ni nini hasa kilichokuwa kinaogopwa kujaa.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa hasira. Upepo uling'oa bati moja juu ya chumba cha Mama Nyamizi mwenyewe na radi ikapiga mti nyuma ya uwanja. Hakuna aliyeumia, lakini kesho yake Mama Nyamizi alikuwa mtu mwingine. Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, ila mambo ya mapacha hakumwachia mchungaji. Wazee husema mapacha na mvua ni ndugu. Alimwuliza Mama kama Doto aliagwa ilivyo desturi. Mama alibabaika. Akaulizwa amezikwa wapi, nani alisimamia, maji yalimwagwa na nani. Mama alijibu hiki na kile, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Njia ya mwongo fupi, na ya Mama ilikuwa imefika ukutani. "Hakuagwa," Mama Nyamizi aliamua. "Ndiyo maana anaing'oa nyumba yangu. Tutamuaga leo."

Nilifika kutoka shule nikakuta wameshapanga kila kitu. Wapangaji walikuwa wamekaa uwanjani. Mama Nyamizi alikuwa amejifunga khanga nyeupe, na katika bakuli alikuwa amekoroga maji na unga wa mtama, meupe kama maziwa. Aliniona akasema, "Asha, njoo ushike bakuli. Wewe mtoto wa watu huna lako hapa." Nikashika. Sikuwa na jinsi. Mama alikuwa ameketi chini na Shija mapajani, midomo imekauka, na nilipomwangalia alitikisa kichwa kidogo sana, kuniambia nivumilie. Mama Nyamizi alichovya majani kwenye bakuli nililoshika, akamnyunyizia Kulwa kichwani, kifuani, miguuni, huku anasema maneno ya kikwetu. Matone mengine yalinirukia usoni. Alisema, "Doto, umelala. Lala. Usimwite mwenzako. Usiguse nyumba ya watu. Nenda ulikokwenda." Kisha akamgeukia Kulwa. "Sasa mwambie wewe. Sema, Doto, nenda."

Kulwa aliinua uso. Unga ulikuwa unamchuruzika kwenye nyusi.

"Sema, mwanangu. Doto, nenda."

"Aende wapi?" Kulwa aliuliza. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. "Doto si huyo aliyeshika bakuli?"

Sikumbuki nani aliyepiga kelele. Nakumbuka bakuli lilichukuliwa mikononi mwangu, na Mama Nyamizi akarudi nyuma kana kwamba nina moto. Alinitazama mimi, akamtazama Kulwa, na alichokiona kilikuwa wazi kwa kila mtu. Yule kijana wa bodaboda alisema, "Si niliwaambia?" Hakuna aliyemjali.

"Umemzika mtoto mzima?" Mama Nyamizi alisema. "Kwa ajili ya chumba?"

Mama alisimama. Alikuwa mfupi kuliko yeye na alikuwa na mtoto mkononi. "Mama, wewe ulisema wawili. Mimi nimezaa watatu. Huyu wa tatu ulitaka nimpeleke wapi?"

"Usinitwike dhambi yako!"

"Sikutwiki. Tugawane."

Ningependa kuandika kwamba maneno hayo yalimwingia. Labda yalimwingia, sijui. Alikwenda kumwaga maji ya unga nje ya geti, mbali, ili yasibaki kwenye kiwanja chake, akanawa hadi viwiko. Kisha akaanza kuwaza kwa sauti. Alitaka tuondoke jioni ileile, lakini kodi ya Mama ilikuwa imeshageuka mifuko ya saruji kwa ajili ya chumba kingine, na hakuwa na cha kurudisha. Alizunguka uwanja, akasimama, akatoa hukumu yake. "Mtoto atakaa. Siwezi kumlaza nje mtoto niliyemwombea kifo, Mungu ataniuliza. Lakini choo changu asikanyage. Tulipatana wawili."

Wapangaji waliinama. Nilisubiri Mama aseme jambo, kama alivyosema mwanzo. Alisema, "Asante, mama."

Kati ya yote ya mwaka ule, popo, funza, godoro la marehemu, hakuna kilichonichefua kama ile asante. Sikumchukia Mama. Nililichukia neno lenyewe, jinsi lilivyotoka laini. Usiku huo nililala karibu naye kwa mara ya kwanza tangu tuhame, akaniwekea mkono tumboni hadi asubuhi. Kuanzia hapo niliamka kabla ya wengine nikatembea hadi choo cha sokoni. Mlinzi wake alifungua anapojisikia. Asipofungua nilikimbia hadi shule nikiwa nimebana tumbo. Niliacha kunywa maji jioni. Siku nilipougua kuhara nilichuchumaa nyuma ya lundo la takataka za soko mchana kweupe, na watu walipita wakitema mate, wakisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kulwa alianza kunisindikiza asubuhi. Hakuwa na haja ya kwenda mbali, choo chake kilikuwa mlangoni, lakini hakukikanyaga tena hadi kodi ilipoisha tukahama. Nadhani ule ndio ulikuwa mgomo wa kwanza mji huu kuwahi kuuona uliofanywa na mtoto mwenye pumu.

Sasa mimi ni mtu mzima, nashona sare za shule kwa cherehani ya kukodi, na nina mtoto wangu mmoja, Neema. Niliishia darasa la saba, na kuandika haya kumenichukua jioni nyingi. Kulwa alipata kiwanja upande wa Isikizya akajenga vyumba viwili, anaishi humo na Mama. Choo alikichimba kabla ya msingi wa nyumba, mafundi wakamcheka. Mara moja tu Mama aliniambia kuhusu mambo yale, tukichambua mchele. "Nilikuchagua wewe kwa sababu nilijua hutasema," alisema. Nikamwambia najua. Tukaendelea kuchambua.

Mji umejaa lami na taa. Vyumba vina vigae na feni, na madalali wa leo hawatoki jasho, wanatuma picha kwenye simu, na ndani ya picha kila chumba ni kipana. Kodi ya miezi sita imebaki kuwa ya miezi sita, ila sasa wanaisema kwa ujumbe wenye alama ya mikono iliyokunjwa kama watu wanaoomba. Na swali limebaki lilelile. Nimelijibu kwa ukweli kila mara, na kila mara nimekosa, na bado tunaishi chumba ambacho mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Wenzangu husema nina kichwa kigumu. Wanasema mtoto mmoja anafichika kirahisi, mpeleke kwa bibi yake mwezi mmoja, arudi taratibu.

Wiki iliyopita tulikwenda na dalali kuangalia chumba kule Chemchem. Kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Kilikuwa na dirisha kubwa, maji ndani, na mtaa wenye utulivu. Getini palikuwa na ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu, na Neema, ambaye mwaka huu amejua kusoma na sasa anasoma kila kitu, hadi maandishi ya mifuko ya sukari, alisimama akausoma kwa sauti kubwa, akivuta silabi moja moja: "Cha-mba ki-po kwa m-tu a-si-ye na m-to-to." Dalali alicheka akasema ni chumba, si chamba. Neema akarudia vizuri, kisha akaniuliza, "Mama, asiye na mtoto ni nani?"

Mwenye nyumba alikuwa ameshatokea mlangoni na funguo mkononi, akitabasamu, akisubiri nimjibu yeye.

"Si sisi," nilimwambia mwanangu, na nikamshika mkono tukaondoka.